Kigitaa kikuukuu kilichozua kasheshe Matiri

WAHENGA walisema kipya kinyemi ingawa kidonda. Wiki hii, mpenzi msomaji, naomba ruhusa nibishane kidogo na hao wahenga, maana naona siku hiyo walikuwa na haraka.

Hebu angalia tunavyoishi. Mtu ananunua simu leo, mwakani anaiita kimeo. Kiatu kikilika kisigino kidogo tu, kinagawiwa jirani. Sofa likitoboka, mama anamkalia baba kooni mpaka jipya liingie ndani. Kila kitu tunataka kinukie dukani.

Lakini kuna vitu vina tabia ya kinyume. Kadiri vinavyochakaa ndivyo vinavyozidi kunoga. Najua wewe mshikaji mwenye mawazo yako umeshaanza kucheka na kumtazama mama watoto kwa jicho la pembeni. Tulia! Leo sizungumzii ndoa, ingawa tukifika mwisho utaona kuwa hatukwenda mbali nayo sana.

Nazungumzia chombo cha muziki. Tena siyo gitaa kubwa la umeme la bendi zetu za dansi. Nazungumzia kile kidogo cha nyuzi nne, cha kukumbatia kifuani kama mtoto mchanga. Huko duniani cha namna hiyo wanakiita ukulele. Kule Matiri, wilayani Mbinga, kwenye nyumba ninayotaka kukusimulia, walikiita kagitaa, basi.

Na hako kagitaa, bwana, kalitaka kuwagombanisha ndugu wa tumbo moja.

MALI YA MAREHEMU

Kwa wasiopajua, Mbinga iko mkoani Ruvuma, kusini kabisa mwa nchi yetu. Zamani kutoka Songea kwenda huko ulikuwa unakula vumbi kiangazi na kusukuma gari masika. Siku hizi lami imefika Mbinga mjini na kuteremka mpaka Mbamba Bay, kwenye Ziwa Nyasa. Ni nchi ya kahawa, nchi ya Wamatengo na mashimo yao ya ngoro yanayozuia mvua isiibe udongo mlimani. Ukifika huko huulizi kama watu ni wachapakazi. Unaona mwenyewe.

Nilikwenda Matiri msimu wa kahawa, kwenye kuanua matanga ya mzee mmoja ambaye kwangu ni baba mkubwa. Watu walikula, wakanywa, wakakumbuka ya marehemu. Siku ya pili wazee wakakaa kugawa vitu.

Shamba halikuwa na shida, mwenyewe alikwisha kuonyesha mipaka kwa mguu wake akiwa hai. Baiskeli ikatajwa. Redio ikatajwa. Koti la mvua likatajwa. Mashine ya kumenyea kahawa ikatajwa. Kisha mtu mmoja akaingia ndani akatoka na kigitaa, akakiweka juu ya mkeka.

Kimya.

Mkwe mmoja wa mjini, anayejifanya mcheshi kila mahali, akasema: "Hizo si ni kuni?"

Hakuna aliyecheka. Shangazi, dada yake marehemu, alimtazama jicho moja tu, na yule bwana akaanza kutafuta viatu vyake.

Ni kweli, kwa macho ya mgeni kile kitu kilikuwa kimechoka. Tumbo lake lilikuwa la mbao nyembamba za sanduku la majani ya chai. Shingo ilikuwa ya mninga. Marehemu alikichonga mwenyewe akiwa kijana, miaka ile ya Operesheni Vijiji, katikati ya miaka ya 1970. Nyuzi za kwanza zilikuwa nyaya za breki ya baiskeli, zikamchana vidole. Baadaye akapata nailoni ya kuvulia samaki kutoka Mbamba Bay, na toka hapo hakurudi nyuma.

Sasa kitazame baada ya karibu miaka hamsini. Chini ya tundu, kucha zake zilikuwa zimekula ubao mpaka pakawa na bonde. Ukingoni, pale mkono wa kulia ulipolala, rangi iliondoka zamani na ubao uking'aa kama sahani iliyopakwa mafuta. Nyuma ya shingo kulikuwa na mbonyeo wa dole gumba. Ufa ulipitia tumboni toka juu mpaka chini, umezibwa kwa gundi na unga wa mbao. Daraja la kubebea nyuzi lilikwisha vunjika zamani, akachonga jingine la mfupa wa mbuzi. Na chote kilinuka moshi, kwa sababu kilitundikwa miaka yote karibu na jiko.

Watoto wake walikuzwa na sauti hiyo. Usiku wa kumenya kahawa, mmoja anazungusha mkono wa mashine, mwingine anamimina kahawa mbivu, wa tatu anachota maji, na baba yao anapiga ili wasisinzie. Mwaka ambao malipo ya kahawa yalichelewa mpaka watu wakala ugali kwa chumvi, alipiga pia. Biashara ya kahawa ilipofunguliwa kwa wanunuzi binafsi, msimu wa 1994/95, dereva mmoja wa lori la mnunuzi alikipenda akataka akinunue. Mzee akamwambia: "Nunua kahawa. Hiki hakipimwi kwa kilo."

Hapo ndipo kasheshe lilipoanzia, maana alipokufa watoto walitaka kukipima.

WATATU NA MANENO YAO

Mtoto wa kwanza anaishi Dar es Salaam. Yeye alisema: "Mimi ndiye mkubwa. Nitakitundika ukutani sebuleni, wageni wakija wajue baba alikuwa mtu gani." Si maneno mabaya hayo. Tena machozi yalimlenga.

Mtoto wa pili ndiye aliyebaki kijijini na ndiye aliyemuuguza mzee. Alisema bila kuzunguka: "Deni la matibabu limebaki laki mbili. Kuna mtu Songea anakusanya vitu vya zamani, ametaja laki na nusu. Mnataka kumbukumbu, haya, nani analipa deni?"

Msomaji wangu, usimcheke huyu. Kumbukumbu ni tamu kwa mtu ambaye hadaiwi. Yeye ndiye aliyekuwa anakutana na mdai njiani kila asubuhi, siyo sisi tuliokuja na basi na kuondoka na basi.

Mtoto wa tatu, binti, alisema hataki kitu, ila kisiondoke nyumbani.

Na kulikuwa na wa nne ambaye hakuna aliyemuuliza: mjukuu wa kike, yuko darasa la sita, amesimama mlangoni na kisahani cha karanga. Huyo alikuwa na yake na babu. Mwaka wa mwisho vidole vya mkono wa kushoto vya mzee vilikataa kukunja. Basi walikuwa wanakaa wawili kwenye benchi moja. Mtoto anabana nyuzi shingoni, babu anapiga kwa mkono wa kulia. Kigitaa kimoja, watu wawili, wimbo mmoja. Majirani walizoea kuwaona hivyo jioni.

Nitakwambia shangazi aliamuaje. Kwanza nataka uelewe kwamba Matiri hawakuwa watu wa kwanza kupagawa na kitu kibovu chenye nyuzi.

KIROBOTO KUTOKA BAHARINI

Mswahili akisikia neno "ukulele", mara moja anafikiria ukelele, ile sauti ya kupasua masikio ya jirani. Siyo huo. Neno hili ni la visiwa vya Hawaii, na wengi hulieleza hivi: "uku" ni kiroboto, "lele" ni kuruka. Kiroboto anayeruka! Ukimtazama mpigaji hodari, vidole vyake vinavyorukaruka, utakubali kuwa jina limekaa mahali pake.

Lakini kiroboto huyo hakuzaliwa Hawaii. Mwezi Agosti 1879 meli iitwayo Ravenscrag iliingia Honolulu ikiwa na Wareno zaidi ya mia nne kutoka kisiwa cha Madeira. Walikuwa wanakwenda kufanya kazi kwenye mashamba ya miwa, kama babu zetu wa kusini walivyokwenda manamba kwenye mkonge wa Tanga. Wareno hao walikuwa na kigitaa chao kidogo cha kwao. Miongoni mwao walikuwemo maseremala watatu, Manuel Nunes, José do Espírito Santo na Augusto Dias. Baadaye walifungua karakana zao, wakaanza kutengeneza vigitaa kwa mti wa huko unaoitwa koa. Mfalme Kalākaua akavipenda, vikapigwa mpaka ikulu.

Umeona? Chombo cha vibarua kikaingia ikulu. Hakikuwa cha matajiri hata siku moja. Kilikuwa kidogo, cha bei nafuu, na kinabebeka kwapani mtu anapohama kutafuta riziki.

Na udogo wake usikudanganye. Mpigaji wa Hawaii aliyepata kusikika duniani kote, Israel Kamakawiwoʻole, alikuwa mtu wa miraba minne kweli kweli, uzito wake ulipita kilo 300. Ukulele ulikuwa ukionekana kifuani pake kama kiberiti. Alifariki mwaka 1997, na mwili wake ukalazwa kwenye jengo la serikali ya Hawaii watu wapite kumuaga, heshima ambayo kwa kawaida ni ya wanasiasa wakubwa.

Sasa tukirudi kwenye nailoni ya Mbamba Bay, usidhani ni ushamba. Zamani nyuzi za ukulele zilikuwa za utumbo wa wanyama. Baada ya Vita Kuu ya Pili nailoni ikashika nafasi. Hata leo wapo wapigaji Ulaya na Marekani wanaoingia duka la vifaa vya uvuvi, wananunua mshipi, wanaukata na kuufunga kwenye ukulele. Baba mkubwa wa Matiri alilijua hilo bila kufundishwa na mtu.

Wala hayuko peke yake kwenye ziwa lile. Ng'ambo, Malawi, vijana wamekuwa wakijitengenezea mabanjo na magitaa ya mbao na mabati tangu enzi za babu zao. Wawili kati yao, Yobu Maligwa na Yosefe Kalekeni, walianza kupiga mitaani Lilongwe, mmoja na gitaa la nyuzi nne na ngoma ya kupiga kwa mguu, mwenzake na babatoni, dude refu la kujitengenezea lenye uzi mmoja. Wanajiita Madalitso Band. Mwaka 2019 walitoa albamu yao, "Wasalala", na wamekwishapanda majukwaa ya Ulaya. Vyombo vile vile vya kuchonga!

Na sisi wa pwani tusijisahau. Zanzibar palikuwa na gambusi, kidogo, tumbo lake limevikwa ngozi, asili yake Yemen. Lilipigwa kwenye taarabu ya zamani kabla udi mkubwa haujalifunika. Leo kuliona likipigwa Unguja ni bahati. Comoro bado wanalo, wanaliita gabusi. Kwa hiyo ukimkuta Mswahili anavidharau vyombo vidogo vya nyuzi, mwambie aulize kwanza kwao.

WALIOINGIA MOTONI

Ukipenda, unapenda. Msikie B.B. King, yule mfalme wa bluzi wa Marekani. Mwaka 1949 alikuwa anapiga kwenye ukumbi wa dansi kijiji cha Twist, jimbo la Arkansas. Ilikuwa baridi, wakawasha mafuta ya taa ndani ya pipa ili kupasha ukumbi joto. Wanaume wawili wakaanza kupigana, pipa likapinduka, ukumbi ukashika moto. Watu wakakimbia. King naye akakimbia, akafika nje salama, kisha akakumbuka kwamba gitaa lake la dola 30 limebaki ndani. Akarudi motoni akalitoa!

Kesho yake akaambiwa wale wawili walikuwa wanamgombea mwanamke aitwaye Lucille. Basi gitaa akaliita Lucille, na magitaa yote yaliyofuata akayaita hivyo hivyo, ili asisahau kutofanya tena upumbavu wa namna ile. Mpaka anafariki mwaka 2015, Lucille alikuwa bado yupo.

Mwingine ni Willie Nelson, mwimbaji wa muziki wa kantri. Gitaa lake alilinunua mwaka 1969, akalipa jina la Trigger, yaani jina la farasi wa sinema. Lile gitaa siyo la kupigwa kwa kipande cha plastiki kigumu, ni la vidole. Yeye akalipiga vivyo hivyo, mpaka ubao wa mbele ukatoboka tundu la pili! Akaendelea kulipiga na tundu lake kwa zaidi ya nusu karne.

Mwaka 1990 watu wa kodi walipokuja kukamata mali zake, kitu alichokihofia ni hicho kibovu. Binti yake akakiondoa mapema na kukituma kisiwani Maui, huko huko Hawaii kwa viroboto. Nyumba ziende, mashamba yaende, gitaa lililotoboka libaki. Hesabu gani hiyo? Ni hesabu ile ile ya mzee wa Matiri: hiki hakipimwi kwa kilo.

HUKUMU YA SHANGAZI

Sasa turudi mkekani. Wakati wale ndugu wawili wameshaanza kuongea kwa sauti ya juu, shangazi alinyanyua mkono.

"Nyie wote mnasema kigitaa, kigitaa," alisema. "Haya. Anayekitaka akikaze nyuzi tusikie."

Mtoto wa kwanza akakichukua. Akazungusha kigingi cha kwanza, cha pili, cha tatu. Cha tatu kila akikiachia kinarudi chenyewe, uzi unalegea. Akajaribu mara nne, jasho likamtoka, akakirudisha mkekani taratibu.

Mtoto wa pili akakichukua kwa hasira. Akakaza kigingi kile kile kwa nguvu zake zote. Paa! Uzi ukakatika, ukamchapa mkononi. Watu wakaguna.

Shangazi akageuka mlangoni. "Wewe, mama, njoo."

Yule mtoto akaweka kisahani chini, akafuta mikono kwenye gauni, akaketi. Hakusema kitu. Akaingia chumbani kwa babu akatoka na kipande cha nailoni kilichoviringishwa kwenye kijiti, akafunga uzi mpya. Kisha akaomba kiberiti. Akachukua njiti moja, akaichana kwa meno katikati, akaichomeka ubavuni mwa kigingi cha tatu, akakisukuma ndani huku anakizungusha. Kikakaa. Hakikurudi.

Akagusa nyuzi nne moja moja, kichwa kimeinama, akarekebisha ya mwisho nusu ya nusu. Halafu akapiga ule wimbo wa kumenya kahawa.

Ndugu zangu, yule mtoto wa pili, mwenye hasira, mwenye deni, aliinamisha kichwa katikati ya magoti. Mabega yakawa yanatikisika. Aliyezungusha mashine usiku wote wa utoto wake ni yeye.

"Basi," shangazi alisema. "Mwenyewe amejulikana."

Lakini shangazi hakuishia hapo, na hapa ndipo ninapompa alama mia kwa mia. Aliuliza: "Deni je?" Maana upendo wa kigitaa haulipi dawa. Palepale likagawanywa kwa watoto wote watatu, litolewe kwenye mauzo ya kahawa ya msimu ule ule. Yule wa pili akaongezewa baiskeli, kwa sababu alikwisha kubeba mzigo wa kuuguza. Mkubwa wa Dar akapewa redio na koti. Akaomba pia apige picha kigitaa kikiwa mikononi mwa mtoto, na picha hiyo ndiyo itakayokaa sebuleni kwake.

Yule wa Songea na laki na nusu yake akapigiwa simu kwamba biashara haipo.

KWA NINI KIBOVU KINANOGA

Sasa utaniuliza: je, ni kweli chombo cha zamani kinatoa sauti nzuri zaidi, au ni mapenzi tu yanaziba masikio? Mafundi wenyewe hawakubaliani. Wapo wanaoapa kwamba ubao uliokauka vizuri na kutikiswa miaka mingi unalegea na kuimba. Wengine wanasema kinachobadilika ni mpigaji, anakuwa amejua chombo chake.

Mimi nasema wote wana haki, ila wa pili wana haki zaidi. Ile njiti ya kiberiti haimo ndani ya ubao. Imo ndani ya mtoto. Anajua uzi gani unapiga kelele ukibanwa vibaya, anajua asikaze sana siku ya mvua, anajua mbonyeo wa dole gumba la babu uko wapi na dole lake dogo analiweka hapo hapo. Ukinunua kipya unapata ubao na nyuzi. Hayo mengine unaanza moja.

Ndiyo maana kukitundika ukutani sebuleni ni kukizika mara ya pili. Chombo kisichopigwa kinabaki sanduku la chai lenye shingo.

Tena inauma ukifikiria kwamba mkoa huo huo wa Ruvuma una mpingo kwenye misitu yake, mti ambao Ulaya wanatengenezea klarineti na obo za bei ya kutisha. Mti unatoka kwetu mkavu kimya, unakwenda kusema kwa wenzetu. Watoto wetu wanaona muziki ni kitu cha kubonyeza kwenye simu. Sikatai simu, hata mimi ninayo. Lakini simu haina bonde la kucha za babu.

MAWILI MATATU KWA MWENYE CHAKE

Kama nyumbani kwako kuna kigitaa, ukulele, zeze, banjo au chochote chenye nyuzi kilichochoka, shika haya:

Usikipake rangi nzito ya mafuta eti kipendeze. Rangi nene inauziba ubao na sauti inafifia. Kifute kwa kitambaa laini kikavu baada ya kupiga, jasho ndilo adui.

Usikiache juani wala ndani ya gari lililofungwa. Gundi inaachia na shingo inapinda. Masika nako mbao zinavimba, vigingi vinakaza, usivilazimishe kwa koleo.

Ufa mdogo uzibe mapema kwa gundi ya mbao, kabla haujafika darajani. Na kikague kila mara kama mchwa hawajakianza, hasa kikiwa kinakaa chini au kinaegemea ukuta wa udongo.

Ukibadilisha nyuzi, badilisha moja moja, usizitoe zote kwa mpigo. Daraja likihama mahali pake utazunguka na kutyuni mpaka uchoke.

Na la mwisho, ambalo ndilo la kwanza: mfundishe mtoto angali unaweza. Usisubiri vidole vikatae. Mzee wa Matiri alibahatika kwa sababu alikuwa na mtu wa kukaa naye benchi moja.

Wahenga wana haki kwamba kipya kinyemi. Wiki mbili tatu za kwanza kila kitu ni kinyemi. Lakini wahenga hao hao wakasema ya kale ni dhahabu, kwa hiyo na wao walikuwa wanabishana wenyewe kwa wenyewe. Tusiwalaumu.

Na wewe mshikaji uliyekuwa unamtazama mama watoto kwa jicho la pembeni pale mwanzoni, mtazame tena vizuri. Nani anajua kigingi chako kipi kinarudi nyuma kikiachiwa, na njiti inachomekwa wapi ili kikae? Umepata jibu? Haya, mwoshee vyombo leo.

Tukutane wiki ijayo, Mungu akipenda.